Namna ya Kupima Tiba ya Ushahidi Bila Kumkera Profesa

Ndugu mhadhiri mpya, hongera kwa kukabidhiwa somo la tiba inayozingatia ushahidi. Najua hukuliomba. Ulichelewa kikao cha idara, na ulipoingia wenzako walikuwa wameshagawana moyo, figo na watoto, wakakuachia hili lililobaki mezani. Usihuzunike. Ni somo la muhula mmoja, halina zamu za usiku, na sijasikia mwanafunzi aliyedisko kwa sababu yake.

Kazi yako kubwa ni mtihani. Mtaala unadai mhitimu awe anaweza mambo matano: kuuliza swali linalojibika, kutafuta ushahidi, kuupima ubora wake, kuutumia kwa mgonjwa aliye mbele yake, kisha kujitathmini. Wakaguzi wa ithibati wakija watauliza kama mambo hayo matano yamepimwa. Kama yamejulikana au la, hawana muda huo. Wana ndege ya jioni. Katikati ya maswali hayo mawili ndipo wewe na mimi tunapopatia riziki, na mwongozo huu utakuonyesha jinsi ya kuitunza.

Hatua ya kwanza: uliza tarehe

Swali zuri la mtihani ni lile ambalo jibu lake haliwezi kumfaa mgonjwa yeyote. Historia imejaa maswali ya namna hiyo. James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye ndani ya meli ya Salisbury mwaka gani? 1747. Jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu lilichapishwa Uingereza lini? 1948. Kitabu cha Archie Cochrane kuhusu ufanisi wa huduma za afya? 1972. Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliutangaza mtindo huu kwenye jarida la JAMA mwaka upi? 1992. Hapo una maswali manne, kila moja lina machaguo matano, na mashine inasahihisha wakati wewe unakunywa chai.

Jihadhari tu usiteleze ukauliza kwa nini. Wale mabaharia wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi, na Lind akaandika kitabu. Hata hivyo ni mwaka 1795 ndipo wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walipoamuru maji ya limau yagawiwe melini. Ukimuuliza mwanafunzi ilikuwaje ushahidi ukakaa karibu nusu karne ukisubiri ruhusa ya wakubwa, ataanza kuwafikiria wakubwa. Na mkubwa aliye karibu naye ni wewe.

Hatua ya pili: piramidi ichorwe, isisemwe

Hakuna mtihani wa somo hili usio na piramidi. Juu kabisa mapitio ya kimfumo, yanayokusanya tafiti zote za swali moja na kuzichambua kwa pamoja. Chini yake majaribio ya nasibu, ambapo wagonjwa hugawanywa kwa kura, hawa wapate dawa hii na wale ile. Kisha tafiti za kufuatilia makundi ya watu kwa miaka, kisha za kulinganisha wagonjwa na wazima, kisha taarifa za mgonjwa mmojammoja. Chini kabisa, penye vumbi, maoni ya bingwa.

Toa alama 10 kwa mchoro safi. Mwanafunzi wa kweli atakuwa ameubukua kutoka kwenye desa la mwaka jana, ambalo nalo lilitoka kwenye desa la mwaka juzi, kwa hiyo darasa zima litachora piramidi moja, yenye kosa moja, mahali pamoja. Usione kama wamepiga chabo. Andika kwenye ripoti kwamba uelewa wa darasa unalingana.

Kitu cha kuepuka ni swali la nyongeza. Asitokee mtu wa kuuliza kwa nini maoni ya bingwa, yanayokaa chini kwenye karatasi, hupanda hadi kileleni kila siku ya raundi. Jambo hili lilishawahi kuwashwa moto. Mwaka 1999, katika British Medical Journal, David Isaacs na Dominic Fitzgerald waliorodhesha kwa utani njia saba mbadala za tiba ya ushahidi, ya kwanza ikiwa tiba ya ukubwa wa jina, ambayo nguvu yake hupimwa kwa weupe wa nywele za daktari. Makala hiyo isiwekwe kwenye orodha ya kusoma. Wanafunzi wataanza kutazama vichwa.

Hatua ya tatu: hesabu ikae mbali

Somo hili lina hesabu ndogo tu, za kugawanya na kutoa, na ndiyo maana ni hatari. Hesabu kubwa mtu hukubali kwamba haijui. Ndogo kila mtu hudhani anaiweza.

Mwaka 1978 lilichapishwa jaribio lililofanywa kwa watu 60 wa hospitali za Harvard: wanafunzi, madaktari vijana na mabingwa. Waliulizwa hivi. Kuna ugonjwa unaompata mtu 1 katika kila 1,000. Kipimo chake huwapa chanya ya uongo asilimia 5 ya watu wasio nao. Mtu amepimwa, amekutwa chanya, na hujui lolote jingine juu yake. Je, kuna uwezekano gani kwamba anaumwa kweli?

Jibu lililojitokeza mara nyingi zaidi lilikuwa asilimia 95. Sasa waite watu 1,000 uwapange uwanjani. Mgonjwa ni mmoja, na tuseme kipimo kimemnasa. Wazima ni 999, na asilimia 5 ya hao ni kama 50. Una watu 51 wameshika karatasi zilizoandikwa chanya, na anayeumwa kati yao ni mmoja. Ni kama asilimia 2. Waliopata jibu hilo walikuwa 11 kati ya 60.

Na hao ni Harvard. Wewe ukilipeleka swali hili kwenye kikao cha kupitisha mitihani, mwenyekiti atalipiga kimoyomoyo, atapata 95, nawe utaitwa kueleza kwa nini mwongozo wako wa kusahihishia una makosa. Uliza badala yake: "Fafanua maana ya umahususi wa kipimo." Sentensi moja, alama mbili, hakuna anayeumia.

Kanuni hiyohiyo itumie kwenye matokeo ya dawa. Jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010, lililinganisha atesuneti na kwinini ya sindano kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwemo. Vifo vilikuwa asilimia 10.9 kwa waliopata kwinini na 8.5 kwa waliopata atesuneti. Kwenye slaidi yako andika tu kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 22.5. Namba hiyo ni ya kweli na inapendeza machoni. Lakini mwanafunzi akiachiwa kutoa 8.5 kwenye 10.9 atagundua kwamba kati ya watoto 100 wanaookolewa ni wawili hivi, yaani inabidi kuwatibu kama 40 kwa atesuneti ili kumwokoa mmoja ambaye kwinini ingempoteza. Bado ni sababu tosha ya kubadili dawa, na nchi zilibadili. Tatizo ni kwamba mwanafunzi akishaijua hesabu hiyo ataifanya kila atakapomwona mwakilishi wa kampuni ya dawa ameingia na vipeperushi, kalamu na chakula cha mchana. Chakula hicho idara inakitegemea.

Hatua ya nne: azima kipimo, kisha kivue meno

Utaambiwa kwamba vipo vipimo vilivyokwisha kufanyiwa majaribio, na ni kweli. Dodoso la Berlin lilichapishwa mwaka 2002: maswali 15 ya kuchagua, yanayomtaka mtu asome kisa, aangalie takwimu, aamue. Mtihani wa Fresno, uliotoka mwaka 2003 katika chuo kimoja California, unampa mwanafunzi visa vya wagonjwa na kumtaka aandike kwa mkono wake: aunde swali, ataje atatafuta wapi na kwa nini, aeleze atajuaje kama utafiti ni wa kuaminika, apige hesabu.

Wa Berlin unafaa, ukiutumia vizuri. Utumie mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tatu, bila kubadili hata koma. Kufikia mwaka wa tatu maswali yote 15 yatakuwa kwenye makundi ya simu, wastani utapanda, nawe utaandika makala ya kuonyesha kwamba ufundishaji wako umezaa matunda.

Wa Fresno uogope. Una wanafunzi 200, msahihishaji ni wewe, na kila mmoja anaandika jibu lake mwenyewe. Ukilazimishwa kuutumia, bakiza kipengele kimoja: "Taja herufi nne za PICO." Wataandika mgonjwa, tiba, ulinganisho na matokeo, wote kwa mpangilio huohuo. Usithubutu kuwapa mgonjwa halisi wakaambiwa waunde swali. Mwaka jana jirani yangu wa ofisi alifanya hivyo. Alieleza kisa cha bibi wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu anayeanguka anguka tangu aongezewe dozi. Robo ya darasa waliuliza dawa gani ishushe presha zaidi. Bibi alikuwa bado yuko chini.

Na kama kuna mtu wa idara ya elimu ya tiba atakayekutajia ngazi za George Miller za mwaka 1990, yaani mtu kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kufanya kazini kila siku, mwitikie kwa kichwa. Mwambie ngazi tatu za juu zimewekwa kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Hatua ya tano: nywila itunzwe

Mtaala unasema mwanafunzi aweze kutafuta ushahidi. Kwa bahati mbaya, hilo linawezekana. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wana mpango wa HINARI, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Kinachotakiwa ni nywila tu.

Nywila hiyo iandikwe kwenye karatasi. Karatasi ikae kwenye droo. Ufunguo wa droo awe nao mkutubi, na mkutubi awe kwenye semina. Siku ya mtihani uliza: "Taja hifadhidata tatu za tafiti za tiba." Atakayetaja tatu apate alama zote, hata kama hajawahi kuifungua hata moja. Umepima utafutaji bila mtu kupata kitu.

Hatua ya sita: raundi ndiyo mtihani wenyewe

Hapa weka kalamu chini unisikilize, kwa sababu yote yaliyotangulia ni mchezo wa karatasi. Mwanafunzi hupimwa wodini, saa tatu asubuhi, mbele ya watu 15 waliovaa makoti meupe.

Chukua kitanda cha 7. Mtoto wa miaka miwili, homa kali, kipimo cha malaria chanya, miguu ya baridi, anapumua kwa shida. Hajaharisha wala kutapika. Mama yake amemshika kiganja. Profesa anatazama, hata hajakunja shingo: "Dripu. Mililita 20 kwa kilo, iingie haraka. Sista, tundika."

Kutoka nyuma inasikika sauti ya mwaka wa nne. "Samahani, Profesa. Mtoto hajaharisha. Lile jaribio la FEAST…"

Sasa tazama anachokileta huyu kijana. FEAST lilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na likachapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa maji ya mshipa kwa kasi, wengine maji ya kawaida ya kuwatunza tu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Kwa kila watoto 30 hivi waliotundikiwa haraka, mmoja zaidi alipotea. Vitabu vya nchi tajiri vilikuwa vikihimiza maji hayo kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuwa amepiga kura ya namna ile kabla ya hospitali za Kilifi, Muheza, Mbale na nyinginezo.

Uchunguzi wa baadaye wa takwimu zilezile ulileta jambo gumu zaidi. Saa moja baada ya kuanza, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi kwenye makundi yaliyopewa maji kuliko kwenye lile jingine. Yaani daktari aliyesimama kitandani saa moja aliona kweli mtoto akichangamka. Akaandika kwenye faili, akaenda wodi ya pili, akazeeka akiwa na ushahidi wa macho yake. Vifo vilizidi kwenye saa zilizofuata, wakati kwenye wodi kuna sista mmoja na daktari mtarajali anayesinzia. Uzoefu wa miaka 30 unaweza kuwa ni saa ileile moja, imerudiwa mara elfu kumi.

Mwalimu mbovu hapa angesema: "Vizuri. Jaribio hilo liliwahusu watoto gani? Waliowekwa kando ni akina nani?" Angemwacha kijana aeleze kwamba waliokuwa wakiharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo asije akamnyima maji mtoto wa kipindupindu kwa kisingizio cha FEAST. Angemuuliza kama matokeo yangekuwa yaleyale kwenye hospitali yenye mashine za kupumulia na damu ya kutosha, kisha wakafungua pamoja mwongozo wa taifa waone unasema nini kuhusu mtoto huyu. Dakika nne. Uulizaji, utafutaji, upimaji na utumiaji, vyote vimepimwa palepale kitandani, na mama amesikia watu wakifikiri kuhusu mwanawe.

Sisi tusio wabovu tunajua la kufanya.

"Wewe umezaliwa mwaka gani?"

"2003, Profesa."

"Mwaka huo mimi nilikuwa natundika dripu."

Watu wanacheka. Sista anatundika. Kijana anapewa kazi ya kupeleka damu maabara hadi raundi iishe. Angalia nyuso za wenzake 14: kila mmoja ameandika jibu sahihi kichwani, na hatalisahau hadi anastaafu.

Hatua ya saba: mgonjwa asiingie kwenye chumba cha mtihani

David Sackett na wenzake, mwaka 1996, waliandika kwamba tiba hii ni kuunganisha ushahidi bora na ujuzi wa daktari, huku matakwa ya mgonjwa mwenyewe yakizingatiwa. Mawili ya kwanza yanatosha. Matakwa ya mgonjwa yana matatizo: hayana jibu la kuchagua. Ukimleta mzee wa kisukari asiye na bima, anayeishi kilomita 40 kutoka duka la dawa na asiye na friji ya kutunzia insulini, mwanafunzi atalazimika kuzungumza naye. Mtihani utachukua nusu saa kwa kila mmoja, na mzee anaweza akasema jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wa kusahihishia.

Hatua ya nane: waulize wanajionaje

Mwisho wa muhula gawa fomu. "Kwa kiwango cha 1 hadi 5, una imani kiasi gani na uwezo wako wa kuchambua utafiti?" Uliza wiki ya kwanza, uliza tena wiki ya mwisho. Namba itapanda. Mtu aliyefundishwa jina la kitu hujiona anakijua, na uhusiano kati ya kujiamini na kujua umeonekana dhaifu mara nyingi ulipotafutwa kwa makini, hata kwa madaktari wenye miaka mingi kazini. Wewe chora grafu, nguzo moja fupi na moja ndefu, bandika kwenye ripoti. Wakaguzi hupenda nguzo.

Tahadhari

Yapo makosa ambayo, ukiyafanya, mpango mzima utaharibika, na ni haki yako kuyajua mapema.

Usiruhusu kila mwanafunzi atoke wodini na swali moja la mgonjwa wake mwenyewe. Usimpe siku mbili arudi na utafiti mmoja uliosomwa hadi mwisho, si muhtasari. Usimtake aseme kwa lugha ambayo mama wa kitanda cha 7 ataielewa: kati ya watoto mia kama huyu, wangapi watanufaika, wangapi wataumia. Usikubali kusema "sijui, hebu tutafute" mbele ya darasa, maana watakuiga. Zaidi ya yote, baada ya miezi mitatu usirudi wodini kufungua mafaili kuona kama dozi na dripu zinazoandikwa zimebadilika.

Ukifanya hivyo utakuwa umewapima kweli, na sapu ya kwanza itatoka kwa walimu.